Kujaza Katriji Mpakani kwa Vifaa vya Mtumba

Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ni mji unaoishi kwa karatasi. Dereva wa lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala, mama anayevusha magunia machache ya mahindi, kijana anayefuata stakabadhi ya pikipiki, wote huishia mbele ya meza yenye printa. Eneo Moja la Forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilianza 2014, na Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wakazindua rasmi Kituo cha Pamoja cha Mpakani. Ungedhani kompyuta zingemaliza makaratasi. Wakala wa forodha bado anachapisha nakala ya faili, nakala ya mwenye mzigo na nakala ya dereva. Panda Tororo, upande wa Uganda, ukute shule zinazochapisha mitihani kila muhula, makanisa yenye ratiba, vyama vya akiba na mikopo vyenye taarifa za wanachama. Katika kila ofisi kuna katriji inayokaribia kuisha, na mara nyingi huisha siku ambayo kazi imefurika.

Wa kuijaza unaweza kuwa wewe. Kazi hii haitaki duka kubwa. Inataka meza safi, mkono usio na haraka, mizani ya kuaminika na printa moja au mbili za majaribio. Karibu vyote hivyo vinapatikana kwa mtumba. Vitu vitatu tu nakusihi uvinunue vipya: unga wa tona, barakoa na glavu.

Nazungumzia printa za leza, zile zinazotumia unga mweusi. Za wino wa maji ziache kwanza. Vichwa vyake huziba vikikaa muda mrefu bila kazi, na vumbi la barabara ya malori huvimaliza upesi.

Elewa kwanza kilichomo ndani

Mwaka 1982 kampuni ya Canon ilileta mashine ndogo za kunakili ambazo sehemu zake zote zinazochakaa zimefungwa pamoja ndani ya katriji moja. HP ilipotoa LaserJet yake ya kwanza mwaka 1984, ilitumia mtambo wa Canon wenye mpango huohuo. Ndiyo maana kazi yako ipo. Katriji ikisema imeisha, kilichokwisha hasa ni unga, na sehemu nyingine huwa bado zina nguvu ya kuendelea.

Ifungue akilini kabla ya kuifungua mezani. Nusu moja ni tangi la unga pamoja na rola yenye sumaku inayouvuta unga huo kwa kipimo chembamba. Nusu ya pili ina dramu, bomba linalong'aa la kijani au buluu ambalo mwanga wa leza huchora juu yake maandishi yasiyoonekana kwa macho. Kando ya dramu kuna rola nyeusi laini inayoipa chaji ya umeme, na ulimi wa mpira unaokwangua unga uliobaki baada ya kila mzunguko. Unga huo uliokwanguliwa huanguka kwenye chumba cha taka. Mtu anayejaza tangi bila kumwaga chumba cha taka atapata malalamiko mapema, maana chumba kikijaa unga humwagika juu ya karatasi.

Shika ukoo mmoja wa katriji

Hapa ndipo wanaoanza wengi hupotea. Wananunua unga wa kila aina, wanapokea katriji ya kila mteja, na baada ya muda hawajui tatizo limetoka kwenye unga, kwenye dramu au kwenye mikono yao. Ushauri wangu ni kuanza na ukoo mmoja, uujue hadi uweze kuifungua na kuifunga katriji yake umeme ukiwa umekatika.

Ukoo ninaoupendekeza ni HP 12A, ile yenye namba Q2612A. Inaingia kwenye LaserJet 1010, 1018, 1020 na 1022, na umbo lake ndilo la katriji 303 ya Canon LBP2900. Haina chipu. Tangi lake lina nafasi ya kutosha, skrubu zake zinaonekana, na vipuri vyake ni rahisi kupata. HP huikadiria kurasa 2,000 endapo unga unafunika asilimia 5 ya karatasi, kiasi cha barua fupi. Fomu yenye majedwali na mihuri hula zaidi, kwa hiyo usimwahidi wakala wa forodha kurasa hizo 2,000.

Ukishaimudu, ongeza 85A, namba CE285A, ya LaserJet P1102. Ni ndogo zaidi, kurasa 1,600 kwa kipimo kilekile, na hupokea unga takriban gramu 70 pale 12A inapopokea karibu 100. Baada ya hapo njia inafunguka yenyewe.

Zipo printa za kuepuka mwanzoni hata zikiuzwa bei ya kutupa. HP 107a na ndugu zake hutumia katriji W1106A yenye chipu, na chipu ikihesabu mwisho printa inagoma hata tangi likiwa limejaa. Za rangi nazo zina katriji nne, kila moja na makosa yake. Usijifunzie huko.

Kununua printa ya mtumba

Printa nzuri za majaribio huwa tayari zipo karibu nawe. Shule inayobadilisha vifaa, kampuni ya uwakala inayofunga tawi, ofisi ya mradi uliokwisha, hao ndio wauzaji wa kwanza wa kuwauliza. Usipopata, mafundi wa pande zote mbili hupajua pa kwenda: Nasser Road mjini Kampala, mtaa wa wachapaji, na maduka ya kompyuta zilizotumika katikati ya Nairobi.

Geuza printa usome kibandiko cha nyuma kabla hujauliza bei. Kenya na Uganda zote hutumia umeme wa volti 240 na plagi ileile ya pini tatu bapa, kwa hiyo printa iliyotoka Uingereza inafaa bila marekebisho. Iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 110 hadi 127. Ukiichomeka hapa, unaichoma, na muuzaji atakuambia ilikuwa inafanya kazi.

Kisha idai ichapishe. Nenda na kompyuta yako iliyokwisha kuwekewa programu ya printa hiyo, kwa sababu LaserJet 1020, kwa mfano, haina programu yake ya ndani ya kudumu. Kila ikiwashwa husubiri kompyuta iipelekee programu hiyo. Wengi wameiacha printa nzima wakidhani imekufa, na wengine wamenunua iliyokufa kwa kuamini taa ya kijani. Chapisha kurasa kumi au zaidi mfululizo. Sikiliza: mlio wa kukwaruza wenye mpigo sawasawa ni jino la gia lililovunjika. Angalia kama inavuta karatasi moja moja. Ikishindwa kuvuta, huenda ni rola ya mpira tu iliyopata utelezi, na kitambaa chenye unyevu huimaliza shida hiyo, lakini mwachie muuzaji aamini ni kubwa mpaka mmalize bei.

Mwisho pitisha kidole juu ya maandishi yaliyotoka sasa hivi. Yakifutika, sehemu inayopasha moto unga ili ushike karatasi imechoka. Katika printa hizi sehemu hiyo imezungukwa na ngozi nyembamba inayochanika. Inabadilishwa, ila si kazi ya siku yako ya kwanza.

Neno moja kuhusu umeme. Printa ya leza inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa ghafla. Usiichomeke kwenye betri ndogo ya akiba ya kompyuta, na usitegemee sola ya taa na simu. Umeme ukikatika, kazi ya kufungua na kusafisha inaendelea, ya kujaribu inangoja.

Mizani ndiyo heshima yako

Mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha, na ya mtumba inafaa, mradi uipime yenyewe kwanza. Chukua bomba la sindano la mililita 20, weka kikombe juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha mimina maji bomba tano. Mililita 100 za maji ni gramu 100. Ikisoma 92 leo na 107 kesho, itupe. Ikisoma 97 kila mara, unaweza kufanya nayo kazi kwa sababu umeshajua uongo wake. Rudia jaribio hilo kila unapobadilisha betri.

Nasisitiza mizani kwa sababu ndiyo inayomtenganisha fundi na mlaghai. Katriji iliyojazwa gramu 60 na iliyojazwa gramu 100 zinafanana kwa nje, na zote zitachapisha ukurasa wa kwanza vizuri. Mteja atajua tofauti wakati mitihani iko nusu. Pima katriji ikiwa tupu na safi, andika uzito, jaza, pima tena, na uandike namba zote mbili kwenye kibandiko anachoondoka nacho. Mwenye ofisi akiona namba hizo mara mbili tatu, hatakwenda kwingine.

Unga nao una ukoo. Nunua ulioandikwa kwa ajili ya katriji yako. Unga wa katriji nyingine unaweza kuwa na chaji tofauti au ukayeyuka kwa joto tofauti, na hapo ukurasa hutoka mweusi mweusi, au maandishi yanafutika hata printa ikiwa nzima. Usichanganye mabaki ya chupa mbili. Usipojua kilichomo ndani ya katriji ya mteja, mwaga chote na uanze upya. Chupa ya kilo moja hujaza 12A tisa hivi ukihesabu kinachomwagika, na bei ya chupa igawanye kwa tisa, usigawanye kwa kumi.

Kazi yenyewe

Tandika gazeti juu ya meza, funga dirisha, zima feni. Vaa barakoa ya aina ya N95 na glavu. Kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi, maana chembe za tona ni ndogo sana, nyingi za mikroni 5 hadi 10, na rangi yake ni kaboni nyeusi ambayo wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka katika kundi la vitu vyenye uwezekano wa kusababisha saratani. Kusiwe na jiko, mshumaa wala mtu anayelehemu chumbani. Vumbi laini likiwa hewani linaweza kushika moto. Mtoto asikae karibu na meza hiyo, hata akiwa amelala mgongoni.

Katika 12A, nusu mbili hushikwa na vipini viwili vya chuma, kimoja kila upande. Vitoe kwa koleo ya mdomo mrefu, tenganisha nusu hizo, na kumbuka springi ndogo ziko wapi. Piga picha kwa simu kila hatua mpaka mikono yako izoee. Toa dramu bila kugusa sehemu inayong'aa, ishike kwa ncha tu, na uifunike mara moja kwa kitambaa cheusi kizito. Jua la Busia likiingia dirishani linaweza kuiharibu dramu kabla hujamaliza kusafisha vingine. Spiriti usiipake kamwe.

Inua rola ya chaji, ifute kwa kitambaa kikavu cha pamba. Fungua skrubu mbili za ulimi wa mpira na umwage taka ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika. Unga wa taka hauna thamani tena. Umechanganyika na vumbi la karatasi, na anayeurudisha tangini anajaza matatizo. Safisha ulimi kwa brashi laini, usiuguse ukingo wake kwa ukucha. Kabla ya kurudisha dramu, pakaza unga mpya kidogo sana kwenye ukingo huo na juu ya dramu. Ikizunguka kavu, ulimi hupinduka, na hapo kazi yote inarudi mwanzo.

Tangi hujazwa kupitia kifuniko cha plastiki kilichofichwa nyuma ya bamba la pembeni lenye skrubu. Tikisa chupa kabla ya kumimina, tumia faneli, mimina taratibu. Usijaze hadi juu ukidhani unampa mteja zawadi, kwa kuwa unga uliobanwa hauzunguki. Funga, rudisha vipini, zungusha dramu kwa mkono mara chache kwa mwelekeo wa kazi yake, kisha peleka kwenye printa ya majaribio. Kurasa mbili tatu za kwanza zikiwa na mawingu ya kijivu, usiogope.

Unga ukimwagika, futa kwa kitambaa chenye maji baridi. Hata mikono na nguo, maji baridi tu, maana joto huuyeyusha ukashika. Mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi usiitumie hata ukiipata bure. Unga hupita kwenye kichujio chake na kurudi hewani kupitia nyuma, na wewe unauvuta.

Kusoma ukurasa

Fundi hujulikana hapa. Ukurasa wa majaribio unasema kila kitu ukiwa na rula. Doa linalojirudia kila milimita 75 ni la dramu, kwa kuwa dramu ya 12A ina kipenyo cha milimita 24 na mzunguko wake ndio huo. Linalojirudia kila nusu ya umbali huo ni la rola ya chaji. Mstari mwembamba mweusi unaoshuka moja kwa moja toka juu hadi chini unaonyesha dramu iliyochunika au ulimi uliokatika. Kufifia upande mmoja mara nyingi ni unga uliolala upande. Itoe katriji, itingishe kushoto na kulia, irudishe. Ukurasa ukitoka mweusi wote, kagua mguso wa chuma wa rola ya chaji kabla ya kulaumu unga. Na kosa lolote likitokea kwenye printa ya mteja lakini si kwenye yako, katriji ni nzima, shida iko kwake. Kwa hili pekee printa ya majaribio hurudisha gharama yake.

Kila ukurasa wa majaribio uandike tarehe, namba ya katriji, gramu na mara ngapi imejazwa, uutunze kwenye faili. Katriji ikirudi mara ya tatu na mistari imeanza, mwambie mwenyewe wazi kwamba dramu inahitaji kubadilishwa, na bei inapanda. Asipotaka, usiijaze.

Sheria, na ule mstari wa katikati

Kujaza katriji ya mtu na kumrudishia si kosa. Hata Marekani, Mahakama ya Juu iliamua Mei 2017, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark, kwamba mtengenezaji akishaiuza katriji hawezi kutumia hataza kumzuia mnunuzi kuijaza au kuiuza tena. Kosa ni kuifunga ndani ya boksi la HP na kuiuza kama mpya. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008, na maboksi ya namna hiyo ndiyo yanayolengwa. Andika kwa kalamu nene: IMEJAZWA UPYA, pamoja na jina lako na simu yako.

Chukua leseni ya biashara ya upande unaofanyia kazi, kwa kaunti ukiwa Busia ya Kenya, kwa halmashauri ya mji ukiwa Busia ya Uganda au Tororo. Nunua unga upande huohuo ikiwezekana. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa cheti rahisi cha asili kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya, na unga wa China hauwi wa Afrika Mashariki kwa kulala usiku mmoja Busia. Ukilazimika kuvuka na chupa au printa, pita mlango wa forodha na risiti mkononi. Njia za panya zinajulikana, na wanaozilinda pia wanazijua.

Taka usizichome, wala usizimwage chooni. Zikusanye kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na dramu zilizokufa. Upande wa Kenya, WEEE Centre ya Nairobi hupokea taka za kielektroniki. Waulize kabla ya kupakia.

Kalenda za shule za Kenya na Uganda hazifuatani sawasawa, na hilo linakufaa: Busia ikitulia, Tororo huenda ndiyo inaingia mitihani. Kwa hiyo, wiki chache kabla ya kila mwisho wa muhula, kusanya 12A tupu kutoka ofisi zinazozitupa, zijaze, zijaribu, zifunge ndani ya mifuko myeusi na uandike gramu zake. Mwalimu atakapokuja jioni na katriji iliyokauka na mtihani wa kesho asubuhi, humwambii angoje. Unampa iliyo tayari, unachukua yake, mnahesabiana tofauti, na anaondoka kabla giza halijaingia.